Stileto, msharasi au sindano butu? Ulinganisho wa zana za zamani za kushonea zinazochanganya

Ukifungua kisanduku cha zamani cha mshonaji, vitu vingi hujitaja vyenyewe: mkasi, kastabini, pini, kipande cha nta. Vinavyobaki ndivyo vinavyosumbua. Kuna kijiti cha chuma chenye kipini cha mfupa, kijichuma chenye umbo la risasi, uma wa mbao uliotobolewa katikati, na kulabu tatu zinazokaribia kufanana lakini kila moja ina kazi yake. Vitu kama hivi hutupwa kwa sababu tu mwenye navyo hajui ni vya nini, au huuzwa kwa jina lisilo lake. Inauma, maana vingi bado vina uwezo wa kufanya kazi iliyokusudiwa tangu siku vilipotengenezwa.

Kanuni ninayoifuata mimi ni hii: umbo zima na nakshi viwe vya mwisho kuangaliwa. Anza na ncha, kisha tafuta uzi ulikuwa unapita wapi, kisha tafuta mahali palipochakaa. Watengenezaji wa karne ya 19 walitumia vipini vya aina moja kwa zana tofauti kabisa. Seti moja yenye vipini vya fedha iliweza kuwa na stileto, kulabu ya kroshia na kulabu ya kufungia vifungo, zote zikiwa na maua yaleyale kwenye kipini. Ukiamua kwa kipini, utakosea. Ukiamua kwa ncha, mara nyingi utapatia.

Vijiti vyenye ncha

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa kwanza, na bahati nzuri ndipo jibu linapopatikana upesi.

Stileto ni kijiti cha mviringo kinachopungua unene taratibu hadi ncha kali, na hakina tundu la uzi. Kazi yake ni kutoboa kitambaa kwa kusukuma nyuzi pembeni bila kuzikata. Tundu linalobaki huzungushiwa mshono ili lisizibe. Tarizi nyeupe zenye vitundu vingi, zilizopendwa sana Ulaya katika karne ya 19, zilitegemea kifaa hiki. Baadhi ya stileto zina mikato midogo au vipete kwenye chuma ili matundu yote yatoke na ukubwa mmoja.

Msharasi wa ngozi huweza kufanana nayo sana. Tofauti huipata kidoleni: shika ncha taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha uizungushe. Ikiwa inateleza bila kukwama, ni mviringo, na uwezekano mkubwa ni ya kitambaa. Ikiwa unahisi kingo, yaani ncha imechongwa pande tatu au nne au imebanwa kuwa bapa, ilitengenezwa kukata njia kwenye ngozi. Kipini cha msharasi nacho ni kinene, kimeviringana nyuma ili kikae kiganjani mtu anaposukuma kwa nguvu. Kipini cha stileto ni chembamba, cha kushikwa kwa vidole. Ukitumia msharasi wenye kingo kwenye kitambaa cha tarizi utakata nyuzi, na kitundu kitachanika baada ya kufuliwa mara chache.

Sindano butu ya kupitishia utepe au lastiki inajulikana kwa mambo mawili: ncha haichomi, na tundu ni kubwa kupita kiasi. Za zamani zaidi mara nyingi zina matundu mawili, moja la mviringo kwa ajili ya kamba na jingine refu jembamba kwa ajili ya utepe bapa. Zile za fedha za karne ya 17 huweza kuwa na kijiko kidogo upande wa pili. Kijiko hicho kilikuwa cha kusafishia masikio, na ndicho kinachowafanya watu waseme ni kifaa cha daktari. Nyingine zimechorwa herufi za jina la mwenyewe, kwa kuwa zilikuwa mali ya thamani na wanawake walizichomeka pia kwenye nywele. Kuna aina ya baadaye inayofanana na koleo dogo, yenye kipete kinachoteleza. Ukisukuma kipete mbele, meno yanabana lastiki badala ya kuipitisha kwenye tundu. Hiyo nayo usiichanganye na kibano cha nyusi: kibano cha nyusi hakina kipete.

Sindano kubwa hazihitaji maneno mengi. Shazia za matanga na turubai zina ncha ya pembe tatu na mwili wa mviringo. Sindano ndefu zenye ncha pande zote mbili, au zilizopinda nusu duara, ni za mafundi wa viti na magodoro.

Kulabu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu kulabu ndizo zinazouzwa kwa majina ya uongo kuliko kitu kingine chochote. Nyingi huitwa tu "sindano ya kroshia", na nyingi siyo.

Kulabu ya kroshia haichomi kitu. Kichwa chake kimelainishwa na kuviringwa ili kiingie kwenye vitanzi vya uzi bila kuupasua. Zile za chuma za kufumia lesi huwa nyembamba sana, chini ya milimita 2, na katikati ya shina mara nyingi pamebanwa kuwa bapa ili kidole gumba kipate pa kukaa. Nyembamba hizi zilifanya kazi kubwa Ireland katika miaka ya 1840, wakati wa njaa kuu, ambapo familia nyingi zilijipatia riziki kwa kufuma lesi ya kroshia. Ukiona kulabu ndefu kama sindano ya sweta, yenye kidude cha kuzuia mwishoni, ni ya kroshia ya Kitunisia, ambayo hubeba vitanzi vingi kwa pamoja kama kufuma kwa sindano mbili.

Kulabu ya tamburi ni ya kutarizi, na inachoma. Iangalie kwa kioo cha kukuzia: kichwa kina ncha kali na mdomo mdogo nyuma yake. Hutobolea kitambaa kilichokazwa kwenye fremu, hunasa uzi ulio chini, na kuuvuta juu kama kitanzi, kitanzi baada ya kitanzi, mpaka unatokea mshono wa mnyororo. Mbinu hii ilifika Ulaya katika karne ya 18 kutoka Asia. India mafundi wa aari, yaani tarizi ya kulabu, wanaifanya hadi leo, na mji wa Lunéville nchini Ufaransa ulipata jina kwa kuitumia kushonea shanga.

Alama inayoiumbua kulabu ya tamburi ni skrubu ndogo yenye sikio pembeni mwa kipini. Skrubu hiyo inashikilia sindano, maana sindano ni ya kubadilishwa, na vipini vingine vina uwazi ndani wa kuhifadhia za akiba. Lakini ina kazi ya pili. Fundi hupanga mdomo wa kulabu uelekee upande mmoja na sikio la skrubu. Kulabu ikizama chini ya kitambaa, macho hayaioni tena, ila kidole kinachogusa skrubu kinajua mdomo umeelekea wapi. Ukikuta kipini chenye skrubu lakini hakina sindano, usikitupe: sehemu iliyo ngumu kupatikana ndiyo hiyo uliyo nayo mkononi. Jihadhari tu kidogo, kwa kuwa zilikuwepo pia seti za kroshia zenye vichwa vya kubadilisha. Ndiyo maana narudi kwenye ncha: kali ni tamburi, ya mviringo ni kroshia.

Kulabu ya vifungo ndiyo inayosingiziwa zaidi. Ni kulabu ya chuma yenye mdomo mpana, uliopinda kama kitanzi kilichoachwa wazi kidogo, na kipini cha fedha, mfupa, mbao au plastiki. Ilitumika kuvuta vifungo vya buti na glavu vipite kwenye matundu yake, enzi ambapo buti moja lilikuwa na vifungo vingi vigumu kwa vidole. Ndogo, zinazokunjika, ni za glavu. Ndefu ni za buti. Ili kuitofautisha na kroshia, jaribu kunasa uzi. Uzi utaponyoka, kwa sababu mdomo ule umekadiriwa shina la kifungo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia viatu vya vifungo vikaanza kutoweka, na kulabu hizi zikabaki kwenye visanduku vya kushonea bila mtu wa kueleza zilikotoka.

Kulabu yenye ulimi mdogo unaofunguka na kufunga ni ya mazulia ikiwa ni nene na ina kipini cha mbao. Ikiwa ni nyembamba kama pini, ilikuwa ya kurudishia vitanzi vilivyoachia kwenye soksi ndefu za hariri au nailoni. Watu wengi hawaamini kuwa kitu kidogo hivyo kina bawaba. Kina, na ukikisukuma kwa ukucha utaona ulimi ukiinuka. Kulabu fupi nene isiyo na ulimi ni ya kuvutia vitambaa chakavu kwenye gunia ili kutengeneza zulia, na ukikuta mrija wenye ncha iliyokatwa mshazari na tundu karibu na ncha, hiyo ni sindano ya kuchoma zulia au tarizi za manyoya: uzi hupita ndani ya mrija.

Vibeba uzi: shato, vijiti vya lesi na vibao

Shato ya tatingi, yaani lesi ya mafundo, ni vipande viwili vyembamba vyenye umbo la mtumbwi vilivyounganishwa katikati na kigingi. Urefu wake huwa kama sentimita 6 hadi 8. Kitu cha kuangalia ni miisho: ncha za vipande viwili lazima zigusane. Uzi hupita kati yake kwa mlio mdogo, kisha ncha zinauzuia usijifungue wenyewe shato inapoachwa ining'inie. Nyingine zina ncha iliyochomoza au kikulabu cha kuunganishia vitanzi.

Shato ya mafundo ya karne ya 18 inafanana nayo lakini ni kubwa zaidi, sentimita 10 hadi 15, na miisho yake iko wazi. Wanawake wa tabaka la juu waliitumia kufunga mafundo mfululizo kwenye uzi mnene, kisha uzi huo ukashonewa juu ya vitambaa vya samani na nguo. Ilikuwa kazi ya kuonyesha mikono hadharani, ndiyo maana shato zenyewe zilitengenezwa kwa dhahabu, ganda la chaza na gamba la ng'amba. Adélaïde, binti wa Mfalme Louis XV wa Ufaransa, alichorwa na Nattier mwaka 1756 akiwa na shato hiyo mkononi. Ukiikuta, usijaribu kuifanyia tatingi. Miisho iliyo wazi itaachia uzi, na ukiibana ili ifunge utaivunja. Kwa kazi halisi chagua shato ndogo. Hii kubwa ihifadhi.

Sindano ya kufumia nyavu ni bapa au nyembamba, na kila mwisho una uma uliofungika kidogo, uzi ukizungushwa kwa urefu kutoka uma mmoja hadi mwingine. Za chuma au mfupa, nyembamba, zilikuwa za wanawake waliofuma vimfuko na lesi za wavu. Kubwa za mbao ni za wavuvi. Mara nyingi huambatana na kijiti laini kisicho na ncha wala tundu, ambacho peke yake hakielezeki kabisa. Hicho ni kipimo cha macho ya wavu: kila kitanzi huzungushwa juu yake ili macho yote yalingane.

Vijiti vya lesi ni hadithi nyingine, na kwangu ndiyo nzuri kuliko zote. Kijiti ni cha mbao au mfupa, kina shingo nyembamba ya kuzungushia uzi, na hutumika kwa makumi, wakati mwingine kwa mamia, juu ya mto mgumu. Umbo linakwambia kilikotoka. Vya kaunti za katikati ya Uingereza, kama Bedfordshire na Buckinghamshire, vina duara la shanga mwishoni ili viwe na uzito na visibingirike. Vya Honiton, mji wa kusini-magharibi mwa Uingereza, havina shanga, na mwisho wake umechongoka, kwa sababu katika lesi ile kijiti chenyewe hupitishwa kwenye vitanzi, shanga zingekwama. Vya Ubelgiji vina tumbo chini. Vya mfupa vya Bedfordshire vilitobolewa vidoti vya rangi vinavyoandika majina ya wapendwa, tarehe za harusi, hata majina ya watu walionyongwa hadharani. Ukipewa kijiti kimoja kilichopotea shanga zake, tafuta kitundu kidogo cha waya upande wa chini: hicho ndicho kinachokitenganisha na cha Honiton.

Vibao bapa vyenye umbo la nyota au ua, vya mfupa au ganda la chaza, huchukuliwa kuwa vifungo vikubwa au vipande vya mchezo. Havina matundu ya kushonea, na kingo zake zina mikato. Ni vya kuzungushia uzi, kutoka enzi ambapo uzi uliuzwa kwa mafungu kabla ya vigurudumu vya mbao kuenea katika karne ya 19.

Vyuma vya cherehani

Asilimia kubwa ya "maajabu" yanayotoka kwenye masanduku ya zamani hayana uajabu: ni vipuri vya cherehani. Ukiona neno SIMANCO kwenye chuma, umeshamaliza nusu ya kazi, kwa sababu ni kifupi cha kampuni ya Singer.

Kijichuma chenye umbo la risasi, kilicho wazi upande mmoja, ni shato ya cherehani. Ndani yake hukaa bobini ndefu nyembamba, kijiti chenye kisahani kila mwisho. Mashine za Singer namba 27, 28, 127 na 128 hutumia ya umbo la risasi. Ikiwa imechongoka kama mtumbwi, ni ya mashine za zamani zaidi ambazo shato yake ilikwenda kushoto na kulia. Bobini ya duara na kasha lake ni za mifumo mingine. Usinunue shato kwa kukisia: ya mtumbwi haitaingia kwenye nafasi ya risasi.

Viambatisho vinavyofungwa kwenye mguu wa cherehani hutofautishwa hivi. Kitia marinda ni kikubwa, kina mkono wenye uma unaoshika skrubu ya sindano, na chini kina bamba lenye meno madogo linalosukuma kitambaa. Vya baadaye vina namba 1, 6 na 12 pamoja na nyota: rinda kwa kila mshono mmoja, kila sita, kila kumi na mbili, na nyota ni ya kukisimamisha. Kiweka alama za mikunjo kinakaribia kuwa na umbo hilo, lakini badala ya bamba la meno kina rula mbili ndogo zenye namba na ulimi wa springi unaobonyeza mstari kwenye kitambaa, ili mkunjo unaofuata ukunjwe hapo. Cha kukunjia pindo kina mdomo uliojisokota. Cha kuzungushia utepe ukingoni kina faneli. Waya uliopinda tu, usio na kitu kingine, ni mwongozo wa mistari wa kushonea mfarishi.

Ukikuta kisanduku cha mbao kinachofunguka kikawa bapa, kila upande ukiwa umebeba viambatisho, huenda kimechapwa tarehe ya hataza ya mwaka 1889. Ni sanduku la Singer, na vilivyomo ni kwa mashine ya namna maalumu. Hakikisha mguu wa cherehani yako unalingana kabla ya kuvifunga.

Uma, jiriwa na vifaa vya glavu

Uma wa mbao au mfupa wenye pembe mbili fupi na tundu katikati ni luseti, ya kusukia kamba ya pembe nne kwa uzi mmoja. Uma wa chuma wenye meno marefu yaliyonyooka, mara nyingi ukiwa na kibao cha kufungia ncha, ni wa lesi ya kroshia ya vitanzi virefu. Jibu liko kwenye tundu: luseti nyingi zinalo, ule mwingine hauna.

Jiriwa ndogo ya kubana ukingoni mwa meza, yenye ndege juu yake, ni ya kushikia kitambaa. Ukibonyeza mkia, mdomo unafunguka; ukiachia, unabana pindo, nawe unapata mkono wa tatu wa kuvuta kitambaa kikaze unaposhona. Nyingi za Marekani zina tarehe ya 1853, mwaka ambao Charles Waterman wa Meriden, Connecticut, alipata hataza. Jiriwa isiyo na mdomo ila ina kigurudumu au kijiti cha kuzunguka ni ya kukunjia uzi. Yenye kimto pekee ni ya pini.

Koleo la mbao au pembe ya ndovu linalofunguka kwenye ncha unapolibana kwenye vipini ni la kupanulia vidole vya glavu. Kijiti kifupi chenye kidude cha mviringo kila upande, kimoja kikubwa kuliko kingine, ni cha kutililia vidole vya glavu, kama vile yai la mbao linavyotumika kuziba tundu la soksi kwa uzi. Na kuna jiriwa kubwa ya kusimama, yenye midomo ya shaba iliyojaa meno madogo sana yaliyopangwa sawasawa. Hiyo ilikuwa ya washonaji glavu: sindano ilipita katikati ya meno, na mishono ikatoka na nafasi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. James Winter alipata hataza yake Uingereza mwaka 1807. Ni adimu, ukiipata usiipake rangi.

Kipande cha mbao kilichochongwa kwa uangalifu, chenye tundu moja jembamba na refu upande wa juu na mkato wa kupitisha mkanda, mara nyingi huitwa kibebea sindano. Si cha kuhifadhia. Huchomekwa mkandani, sindano ya kufumia ikaegemezwa kwenye tundu, na mkono wa kulia ukabaki huru kutupa uzi kwa kasi. Kibebea sindano halisi kina kifuniko na uwazi wa kutosha sindano nyingi.

Kastabini na mikasi

Kastabini iliyo wazi juu haijavunjika. Ni ya fundi wa suti, anayesukuma sindano kwa ubavu wa kidole. Pete pana isiyo na vidoti, iliyokatwa mshazari, ilikuwa ya kulinda kidole cha mkono wa chini. Vidoti vilivyopangika kwa usawa kamili ni kazi ya mashine. Vilivyoyumba vilipigwa kwa mkono. Na ukikuta kastabini inayoonekana ya fedha lakini sumaku inaishika, usiione bandia: kuanzia miaka ya 1880 Charles Horner wa Halifax, Uingereza, alitengeneza za fedha zenye chuma cha pua katikati ili sindano isitoboe, zikiitwa Dorcas. Kwa kushonea kila siku ningechagua hiyo kuliko ya fedha tupu, ambayo hutoboka.

Mkasi wenye pengo kwenye makali karibu na ungio, na skrubu ndogo pembeni, ni wa kukata matundu ya vifungo. Pengo linaacha ukingo wa kitambaa salama, na skrubu inaamua urefu wa tundu. Mkasi wenye kisanduku juu ya kali moja si wa kushonea hata kidogo. Ni wa kukata tambi za taa.

Malighafi na alama

Mfupa una vidoti na michirizi midogo myeusi, ambayo ni njia za damu. Pembe ya ndovu haina. Badala yake, sehemu iliyokatwa kwa mapana huonyesha mistari inayopishana. Seluloidi, aina ya plastiki ya zamani iliyoanza kutengenezwa kwa wingi baada ya 1870, iliiga pembe kwa mistari iliyonyooka mno, na ukiisugua kwa kidole mpaka ipate joto hutoa harufu ya kafuri. Wako wanaoshauri kuchoma kwa pini ya moto ili kujua. Usifanye hivyo kamwe: seluloidi hushika moto kwa kasi ya kutisha, na pembe au mfupa utabaki na kovu. Kabla ya kuuza au kusafirisha kitu cha pembe ya ndovu au gamba la ng'amba, fahamu kuwa biashara ya kimataifa ya vitu hivyo imebanwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao mwaka 1989 ulipitisha marufuku ya pembe za ndovu, na nchi nyingi zina sheria zake juu ya hapo.

Alama husaidia kukadiria umri, ila ni kwa kikomo. Alama yenye umbo la almasi ya usajili wa miundo ya Uingereza ilitumika kati ya 1842 na 1883. Baada ya hapo zikaja herufi Rd na namba. Namba ya hataza ya Marekani yenye tarakimu saba haiwezi kuwa kabla ya 1911. Jina la nchi peke yake, kama "Germany", mara nyingi huashiria baada ya 1891, mwaka ambao Marekani ilianza kudai bidhaa zinazoingia zitajwe zilikotoka. Na tarehe ya hataza ni ya mwanzo wa wazo: kifaa chenye 1853 huenda kilitengenezwa miaka mingi baadaye.

Ikiwa baada ya yote haya kitu bado hakitambuliki, kijaribu kwa kitambaa chakavu na uzi imara, bila kukilazimisha. Kisipobeba uzi, kisipotoboa, kisipobana wala kupima, huenda ni cha kazi nyingine: kiko cha tumbaku, sigara, mashua, au kabati la daktari wa meno. Unapomwomba mwingine akutambulie, piga picha ya ncha kwa karibu, ya tundu kama lipo, na ya sehemu iliyong'aa kwa kushikwa, rula ikiwa pembeni. Andika kama sumaku inakishika. Picha ya kitu kizima peke yake haimpi anayeulizwa kile anachotaka kuona kwanza.